Grenda ya Mkanda kwa Mtengeneza Visu: Kuifunga, Kuiweka Sawa na Kuchonga Bapa la Kwanza Bila Kuliunguza

Watu wanaoniletea bapa lao la kwanza nilitazame huwa ni kama wameleta bapa lilelile. Lina mawimbi kama bati, bega la kulia (pale mchongo unapoanzia karibu na mpini) limepanda kuliko la kushoto, ncha imeliwa ikawa mviringo, na karibu na ncha kuna doa la buluu. Wote husema, "Mkono wangu bado." Nikienda kuiona mashine, yaani grenda inayochonga kwa mkanda wa msasa unaozunguka juu ya magurudumu, nakuta mkanda unatambaa huku na huku, bamba la kuuegemeza limejificha nyuma ya magurudumu, mota ina kasi moja tu, na mkanda wenyewe ulikufa wiki iliyopita. Hapo mkono gani utashinda? Kisu kile kiliharibika kabla hakijagusa mkanda.

Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu ni kazi ya spana na rula. Usiruke hatua za mwanzo ukakimbilia cheche.

Vipimo nitakavyotaja ni vya mashine inayovaa mkanda wa inchi 2 kwa 72, yaani milimita 50 kwa 1830 hivi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi na watengeneza visu. Kama yako ni ndogo, vipimo vitapungua lakini mpangilio wa kazi haubadiliki.

## Kusanya hivi kwanza

Vya kupimia na kufungia: rula ya chuma iliyonyooka, skwea, kalipa, spana, bolti nne za kukazia mashine, na kalamu nene ya wino. Ongeza biti ya drili yenye kipenyo sawasawa na unene wa chuma chako. Biti hiyo haitatoboa kitu; ina kazi nyingine, utaiona.

Mikanda ya msasa: seramiki namba 36 au 60, angalau mitatu. Alumini oksaidi namba 120 na 220, miwili kwa kila namba. Namba 400, mmoja unatosha. Ukinunua mkanda mmoja mmoja utaanza kuuhurumia, na huruma hiyo ndiyo inayounguza visu.

Chuma cha mazoezi: vipande sita vya chuma laini chenye upana wa milimita 40 na unene wa milimita 4, kila kimoja sentimita 25. Usianze na chuma cha kisu. Chuma laini kinachongeka vilevile na kinaonyesha makosa yaleyale, ila hakikuumizi roho.

Kinga: miwani inayofunika hadi pembeni, vizibo vya masikio, aproni ya ngozi au pamba nzito, na barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, daraja la P3 au P100. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la grenda.

Ndoo mbili za maji: moja ya kuchovya bapa, nyingine ya kukaa chini ya mkanda kupokea cheche.

## Hatua ya 1: Ifunge mashine isitikisike

Weka mashine juu ya meza nzito au stendi ya chuma, katikati ya bamba pawe usawa wa kiwiko chako au chini yake kidogo. Ikiwa juu zaidi, mabega yatapanda na kuchoka, na bega lililochoka ndilo linalochora mawimbi. Kaza bolti zote nne. Klampu zinafaa kwa siku moja ya kujaribu tu.

Tazama cheche zitakapoelekea. Njia yao isiwe na mbao, matambara, petroli wala tina. Ndoo ya maji ikae chini kabisa ya pale mkanda unapoteremkia.

Imefaulu iwapo glasi ya maji iliyojaa nusu, ikiwekwa mezani mashine inapozunguka, inaonyesha viduara vidogo juu ya maji lakini yenyewe haisogei.

## Hatua ya 2: Umeme na mwelekeo

Mota nyingi za mashine hizi ni za fezi tatu, na huendeshwa na kidhibiti mwendo kinachopokea umeme wa kawaida wa fezi moja. Kama hujazoea nyaya, mwite fundi umeme kwa hatua hii. Wewe kaa karibu uhakikishe mambo manne.

La kwanza ni kibati cha mota. Kikiwa kimeandikwa 230/400 V na kidhibiti chako kinatoa volti 230, nyaya ndani ya kisanduku cha mota lazima zifungwe kwa delta, si kwa nyota (ni njia mbili za kuunganisha nyaya za mota). Mota iliyofungwa nyota kwa volti hizo itazunguka vizuri kabisa ikiwa tupu, kisha itakata pumzi pale tu unapobonyeza chuma. Nimeona mtu akibadilisha mota nzima kwa kosa la vibati vitatu vya shaba.

La pili, waya wa ethi ufike kwenye mwili wa mota na kwenye fremu ya mashine. La tatu, usiweke swichi kati ya kidhibiti na mota. Kuwasha na kuzima kufanyike kwenye kidhibiti chenyewe. La nne, kidhibiti kikae ndani ya boksi lisiloingiza vumbi, kwa sababu vumbi la chuma linapitisha umeme. Halafu kumbuka kwamba kidhibiti hubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Kabla ya kukifungua subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake. Kwa kawaida ni dakika 5 au zaidi.

Sasa, bila mkanda, washa sekunde moja na uzime. Uso wa mkanda ulio mbele yako unapaswa kuteremka, kutoka juu kwenda chini. Ukiona puli inazunguka kinyume, zima, chomoa, subiri, kisha badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu zinazokwenda kwenye mota.

## Hatua ya 3: Magurudumu na bamba

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, akidhani kiwandani walishaimaliza.

Chomoa umeme. Laza rula ya chuma ubavuni mwa puli ya mota na uifikishe hadi kwenye magurudumu mengine. Katikati za nyuso zao zote ziwe kwenye mstari mmoja. Kama moja limeingia ndani kwa milimita 2 au 3, legeza skrubu yake kwenye shafti, lisogeze, kaza. Likiachwa hivyo, mkanda utavutwa upande mmoja na utashinda siku nzima ukipigana na kitasa cha kuuongoza.

Kisha njoo kwenye bamba, yaani kile kipande bapa cha chuma kilicho nyuma ya mkanda kati ya magurudumu mawili madogo. Simamisha rula kutoka gurudumu la juu hadi la chini. Uso wa bamba unatakiwa utangulie mbele ya magurudumu hayo kwa milimita 2 hadi 3. Likiwa nyuma yao, mkanda utakuwa unaelea hewani na kila ukibonyeza utabonyea kama godoro. Huwezi kupata uso bapa juu ya kitu kinachobonyea.

Angalia pia unyoofu wa bamba lenyewe. Weka rula juu yake, tazama dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya katikati, bamba limeliwa. Linyooshe kwa tupa pana, au libandike kioo cha seramiki kwa gundi ya epoksi. Kioo hicho huchelewa sana kulika, na mkanda huteleza juu yake kwa msuguano mdogo zaidi. Ukikibandika, hakikisha chini yake kuna kijukwaa kidogo cha kukizuia, maana joto hulegeza gundi na mkanda unakivuta kwenda chini muda wote.

Mwisho, ile meza ndogo ya kuegemezea kazi. Ipime kwa skwea dhidi ya bamba iwe digrii 90, na uisogeze hadi ibaki nafasi ya milimita 2 kati yake na mkanda. Nafasi kubwa kuliko hiyo humeza vipande vyembamba, na vidole hufuata. Kila ukibadilisha mkanda, tazama tena nafasi hiyo.

## Hatua ya 4: Vaa mkanda na uuongoze

Geuza mkanda utazame mgongoni. Ukiona mshale, uelekee upande mkanda unaokwenda. Mikanda mingine haina mshale kwa sababu kiungo chake kinakubali pande zote.

Bonyeza mkono wa springi, pitisha mkanda, achia taratibu. Upande usio na bamba ubonyeze kwa kidole gumba. Ukibonyea kama sentimita moja, umekazwa vya kutosha. Mkanda uliolegea hupiga mawimbi na kuruka. Uliokazwa kupita kiasi huua beringi.

Usiwashe bado. Zungusha puli kwa mkono mizunguko kumi huku umeutazama mkanda kwenye gurudumu la juu, lile lenye kitasa. Ukienda kushoto, geuza kitasa robo mzunguko na uzungushe tena. Gurudumu hilo lina nundu ndogo katikati, na mkanda hupenda kupanda nundu. Kazi ya kitasa ni kuinamisha gurudumu ili kuamua mkanda utulie wapi. Ukikigeuza sana kwa haraka utaupeleka ukingoni na kuuchana.

Ukishatulia kwa mkono, simama pembeni ya mstari wa mkanda, washa kwa kasi ndogo kabisa. Sahihisha. Panda hadi kasi ya kati. Sahihisha. Halafu kasi kubwa. Kila mkanda mpya uwashe ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu kiungo kibovu hukatika katika dakika ya kwanza, na mkanda unaokatika huchapa kama mjeledi.

Kwa kuchonga visu sogeza ukingo wa mkanda utokeze nje ya bamba kwa milimita 1 au 2 upande unaotumia. Ukingo huo laini ndio utakaochonga bega la kisu kwa mviringo mzuri badala ya kona kali, na kona kali ni mahali bapa hupasukia linapotiwa ugumu, yaani linapopashwa moto na kuzimwa kwenye mafuta.

Imefaulu iwapo kwa kasi zote tatu ukingo hautangitangi zaidi ya milimita moja, hata ukibonyeza kipande cha chuma katikati.

Haukufaulu? Vaa mkanda wa pili kabla hujagusa spana. Wa pili ukitulia, kosa ni la mkanda wa kwanza. Uondoe, usiurekebishie mashine nzima. Yote miwili ikitangatanga, angalia uchafu ulioganda kwenye gurudumu, springi iliyochoka, na bawaba ya gurudumu la kuongoza kama inacheza. Ishike bawaba hiyo na uitikise. Ikicheza mkononi mwako, mkandani itacheza mara kumi.

## Hatua ya 5: Ijue kasi yako kwa namba

Hesabu ni rahisi: kipenyo cha puli kwa mita, mara 3.14, mara mizunguko kwa dakika, gawa kwa 60. Puli ya milimita 100 kwenye mota ya mizunguko 2800 inatoa mita 14.7 kwa sekunde. Hiyo ni kwa Hz 50, yaani marudio ya umeme ambayo kidhibiti hupandisha au kuteremsha. Ukiteremsha kidhibiti hadi Hz 25, unapata nusu yake.

Kukata umbo la nje kwa mkanda mpya wa seramiki, tumia kasi yote hiyo. Seramiki inataka kasi na mbonyezo. Punje zake hujinoa kwa kuvunjika, na zisipobonyezwa hung'aa tu na kutoa joto. Kwa miteremko ya kwanza ya mwanafunzi, yaani zile nyuso zinazoshuka kuelekea makali, mita 5 hadi 7 zinatosha. Utamaliza kwa muda mrefu zaidi, lakini kosa la sekunde moja litakula theluthi hadi nusu tu ya chuma. Kwa namba 220 na zaidi, hasa kwenye bapa lililokwisha kutiwa ugumu, teremka hadi mita 3 au 4.

Tahadhari mbili. Usiiache mota ikifanya kazi nzito kwa muda mrefu chini ya Hz 15 au 20, maana feni yake iko kwenye shafti ileile, na ikizunguka polepole haipozi kitu. Wala usipandishe juu ya Hz iliyoandikwa kwenye kibati kama hujui magurudumu na beringi zako zinavumilia mizunguko mingapi.

## Hatua ya 6: Kabla ya cheche ya kwanza

Funga nywele, vua pete na saa, kunja mikono ya shati juu ya kiwiko, na vifungo vya aproni vifungwe nyuma. Usivae glavu za kitambaa. Mkanda ukikamata uzi utachukua na kidole. Kuna sababu nyingine ya mikono mitupu, tutaifikia kwenye joto.

Vumbi la mbao na cheche za chuma visikutane. Ukitoka kuchonga chuma ukaja kuchonga mpini, toa ndoo, fagia, badilisha mfuko wa mashine ya kuvuta vumbi. Vumbi la mbao linaweza kufukuta kimyakimya ndani ya mfuko kwa saa nzima kabla ya kuwaka. Alumini usiichonge kabisa kwenye mashine iliyojaa vumbi la chuma. Vumbi la alumini likichanganyika na la chuma chenye kutu, cheche moja inawasha moto usiozimika kwa maji.

## Hatua ya 7: Chora mistari

Paka wino ukingo wote utakaokuwa makali. Laza chuma juu ya kitu bapa kabisa, kipande cha kioo au marumaru kinafaa. Sasa chukua ile biti ya drili. Ilaze pembeni na uburute ncha yake kwenye ukingo uliopakwa wino. Geuza chuma upande wa pili, buruta tena. Kwa kuwa kipenyo cha biti ni sawa na unene wa chuma, ncha yake inaangukia katikati, na kosa dogo likiwapo utapata mistari miwili iliyo sambamba. Hiyo miwili ndiyo mipaka yako.

Weka alama ya bega pande zote mbili kwa skwea, sentimita moja hivi mbele ya mwanzo wa msuka, yaani mkia wa kisu unaoingia kwenye mpini. Mistari ya mabega isipolingana kwa wino haitalingana kwa mkanda.

Kisha amua mteremko. Chukua chuma cha milimita 4, mteremko wa kimo cha milimita 25, ukiacha makali yenye unene wa milimita 0.8. Kila upande unaondoa milimita 1.6 katika kimo cha 25, ambayo ni kama digrii 3.7 tu. Sema namba hiyo kwa sauti! Wengi huinamisha bapa kwa digrii 10 au 15 kwa sababu jicho linataka kuona pembe. Pembe ya kisu ni ndogo kuliko unavyodhani. Bapa karibu lilale juu ya mkanda.

## Hatua ya 8: Simama

Miguu ipishane kidogo, magoti yalegee, viwiko vibanwe ubavuni. Bapa usilisogeze kwa mikono. Mikono ni klampu tu. Unaosogea ni mwili, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kama mtu anayemwinamia mtoto kumbembeleza mgongoni. Viwiko vikiachana na mbavu, kila mpigo wa moyo utaandikwa kwenye chuma.

Kabla ya kuwasha, fanya safari kumi juu ya mkanda uliosimama. Inaonekana kama mchezo. Fanya.

## Hatua ya 9: Mteremko wa kwanza

Ondoa meza ya kuegemezea. Vaa seramiki namba 60. Shika msuka kwa mkono mmoja. Mkono mwingine uweke gumba lake nyuma ya bapa, makali yakiwa juu.

Kwanza vunja kona. Inamisha bapa kwa digrii 45 na upitishe ukingo hadi ukaribie mstari wa kwanza wa wino. Geuza, fanya upande wa pili hadi mstari wa pili. Usiiruke hatua hii, kwa kuwa kona kali ya chuma kibichi hukwangua punje za mkanda mpya, na mkanda mzuri unaweza kufa kwa pasi tano (pasi ni kulipitisha bapa mkandani mara moja).

Sasa laza bapa. Gusa mkanda karibu na bega, ukiacha milimita 2 kabla ya mstari. Sikiliza: mgusano mzuri una sauti moja nzito inayoendelea, sauti ikikatikatika, bapa linacheza. Vuta kwa mwili kuelekea ncha kwa mwendo uleule. Mkunjo wa ncha ukifika, shusha msuka kidogo ili makali yaendelee kukaa mraba na mkanda. Ncha ikifika katikati ya upana wa mkanda, toa. Ukiivusha hadi ukingoni, mkanda utajikunja juu yake na kuila. Zile ncha za mviringo zote zinatoka hapa.

Tazama. Namaanisha usimame, uelekeze bapa kwenye mwanga na usome mikwaruzo. Utaona utepe unaong'aa ulioanzia kwenye ile pembe ya digrii 45. Unataka utepe huo upande kuelekea mgongo wa kisu, wenye upana uleule kutoka bega hadi ncha. Gumba ndilo usukani: mkanda hula pale gumba linapobonyeza. Utepe ukigoma kupanda, shusha gumba milimita chache kuelekea mgongo. Ukiwa mpana karibu na bega na mwembamba mbele, umekaa sana pale unapoanzia. Gusa huku mwili umeshaanza kusogea.

Pasi tatu upande huu, tatu upande wa pili, ukibadilisha mikono. Mkono wako dhaifu utakuwa mbaya, hilo ni la kawaida. Usimalize upande mmoja wote kwanza, maana upande wa pili hutaweza kuufananisha, na bapa lenye joto la upande mmoja hupinda.

Kuna wanaotumia kibao au jigi ya kushikilia pembe. Hakuna aibu ndani yake, na kwa mtu anayetaka kisu kimoja tu ni njia ya busara. Mimi huwaambia wanaoanza wachonge vipande vinne vya mazoezi kwa mikono kwanza, kwa sababu jigi haikufundishi kusoma mikwaruzo.

Simama pale makali yanapobaki na unene wa milimita 0.8 hadi 1 kwa kalipa, kama bapa bado halijatiwa ugumu. Likiwa jembamba zaidi litapinda au kupasuka likizimwa kwenye mafuta. Baada ya ugumu utarudi kulipunguza hadi 0.3 au 0.4 kwa kisu cha kazi za kawaida.

Kipande kimefaulu iwapo utepe una upana mmoja, mabega yanatazamana, na makali yamebaki kati ya mistari miwili ya wino. Mara nyingi hilo hutokea kwenye kipande cha nne. Cha kwanza changu nilikifikisha mgongoni upande mmoja kabla sijagundua kwamba nilikuwa nimekazania pasi za kulia tu.

## Hatua ya 10: Joto, adui wa bapa lililokwisha kuwa gumu

Bapa lililotiwa ugumu hulegezwa kwa moto mdogo, kwa vyuma vingi vya kaboni kati ya nyuzi 175 na 220 za Selsiasi. Mkanda ukilipeleka juu ya hapo, ugumu unapungua. Rangi zinakuambia: manjano ya nyasi kavu ni kama nyuzi 200 hadi 230, kahawia karibu 250 na kitu, zambarau 280, buluu 300. Ukiisugua buluu hadi iondoke, rangi imeondoka, ulaini umebaki. Dawa ni kuchonga hadi upite sehemu iliyoungua, au kulitia bapa ugumu upya.

Ndiyo sababu ya vidole vitupu. Ngozi hulalamika kwenye nyuzi 50 au 60, mbali sana na hatari. Lakini ncha iko mbali na vidole na ni nyembamba, hupata moto kabla gumba halijajua. Kwa hiyo chovya kabla ya kila pasi, na utoke na tone la maji likiwa limening'inia kwenye bapa. Litazame tone hilo. Likiwapo, mahali hapo hapajafika nyuzi 100. Likianza kuchemka, ondoa hapohapo na uchovye.

Chanzo kikuu cha joto ni mkanda uliokufa, wala si kasi. Mkanda mkali hukata, na sehemu kubwa ya joto huondoka na cheche. Mkanda butu husugua, na joto lote hubaki kwenye bapa. Utaujua kwa dalili: cheche zimepungua, unabonyeza zaidi kuliko asubuhi, na ukipitisha kidole juu yake, mashine ikiwa imezimwa, unateleza. Utoe. Ubakie kwa mbao au kwa kuondoa kutu. Kwa bapa gumu tumia mkanda mpya, rahisi ghali.

## Hatua ya 11: Namba 120 hadi 400

Kila namba mpya ipitishe kwa pembe tofauti kidogo na iliyotangulia, mikwaruzo ikatizane. Hapo utaona wazi kama ile ya namba 60 bado ipo chini. Isipoisha yote kwenye 120, haitaisha kwenye 400. Itang'arishwa tu na kukuchekea kwenye picha. Sehemu sugu ni karibu na bega. Huko nenda polepole, na mkanda wa namba mpya uanze milimita nusu mbele ya mstari, kisha uukaribie.

Wakati wa kunoa makali ya mwisho, geuza: makali yawe chini, mkanda uyakimbie badala ya kuyakabili. Makali yaliyokwisha kuwa wembe yakikabiliana na mkanda unaoteremka yanaweza kuuzama, kuukata, na kisu kikarushwa upande wako. Tumia kasi ndogo kabisa na namba 400, mara mbili tatu kila upande, hadi uhisi kwa kidole kijiukingo cha chuma kilichojikunja upande wa pili.

## Hatua ya 12: Kufunga kazi

Zima, subiri mkanda usimame wenyewe. Usiuzuie kwa kipande cha chuma. Bonyeza springi na utoe mkanda, kwa sababu ukiachwa umekazwa usiku kucha unashika umbo la magurudumu na kesho utagongagonga. Itundike mikanda kwenye bomba nene au kigingi cha mviringo, si kwenye msumari unaoacha mkunjo, na mahali pakavu, maana unyevu huua gundi ya kiungo.

Piga brashi matundu ya feni ya mota, toa vumbi lililoganda kwenye kitasa cha kuongoza, tazama nati za magurudumu. Mwaga matope ya chuma yaliyotuama kwenye ndoo. Baada ya nusu saa rudi ulikague eneo lote la cheche, ukipitisha mkono juu ya kila kona yenye vumbi kutafuta joto.